Divai ya Baba Ndani ya Soksi

Alhamisi, 9 Novemba
Dada Clotilde kaamua. Divai ya marehemu baba ikishika mkia kwenye shindano la Jumamosi, tunang'oa mizabibu yake ya Gringet na kupanda aina inayojulikana Paris. Nikamwambia baba aliipanda kwa mikono yake kule mteremkoni, mimi nikimbebea maji. Akasema baba kafa, mgongo wake yeye bado unauma. Roho ngumu!

Nimeonja glasi moja ghalani. Pea, jiwe lililonyeshewa, asubuhi zile zote na baba. Nimelia kidogo. Nimemkumbuka mno.

Ijumaa, 10 Novemba
Nina mpango! Kila mwaka anashinda binamu Anselme na divai yake ya zabibu za Altesse. Leo, yeye akikamua ng'ombe, nimenyemelea ghalani kwake. Divai yake nimeimimina kwenye chupa yangu, yangu kwenye yake. Vizibo nimerudisha. Kesho chupa zitavishwa soksi za sufu kama kawaida, watu waonje bila kuona lebo. Mimi hatari!

Jumamosi, 11 Novemba, Mtakatifu Martino
Nimekwisha. Soksi zimevuliwa: ya mwisho, chupa yangu. Kumbe Altesse ya Anselme mwaka huu ni siki tupu! Ya kwanza, chupa ya Anselme. Akakodoa macho, kisha akapokea makofi bila haya.

Bibi Philomène, aliyevuna na baba enzi za ujana wao, akatokwa machozi. Akasema hii ni ya Séraphin, ya kule mteremkoni. Séraphin ndiye baba. Ukumbi mzima kicheko. Anselme akamwambia, "Pole Bibi, divai imekupanda kichwani."

Clotilde alikuwa ameshaanza kuulizia trekta la kung'olea mizabibu. Nikasimama. Nikasema Bibi hajakosea, mwizi ni mimi.

"Wewe Aimé," akafoka Clotilde, "hata kuiba unajiibia mwenyewe!"

Lakini akaomba glasi nyingine ya ile ya baba, akainywa yote, pua nyekundu. Mizabibu inabaki. Mimi nimeosheshwa glasi za kijiji kizima.

Jumapili, 12 Novemba
Anselme kaja, mpole ajabu. Anaomba vipandikizi vya Gringet tukianza kupogoa. Nikamkumbatia, nikasema baba angefurahi sana.

Nitampa vya Jacquère, mizabibu ile ya kawaida ya nyuma ya zizi. Hatajua kitu mpaka izae. Na majani yakichipua tofauti? Nitamwambia ni udongo wake. Safari hii sikosei.