Kiazi cha Karisa

Jumatatu, 1 Machi 1948. Changamwe.
Mifupa tumemaliza. Hesabu za dawa na adabu za kuzungumza na mgonjwa pia. Sasa vijidudu. Sista Margret, mwalimu wetu wa uuguzi, amegawa vipande vya viazi vilivyochemshwa, kila kimoja katika kisahani chake. Tunawe, tubonyeze kiazi kwa vidole, tufunike, tungoje. Majina yamebandikwa kwenye vifuniko. Atakayeshinda ataingia wodini. Atakayeshika mkia atatolewa darasani akafue mashuka! Maelezo mengine sikuyasikia, nilikuwa namchunga Karisa, mwanafunzi mwenzangu tunayelala chumba kimoja. Asubuhi alinishika mkono akaniuliza habari za nyumbani. Leo, siku ya mtihani! Nilinawa kwa sabuni ya dawa mpaka ngozi ikaniwasha.

Jumatano, 3 Machi.
Nimechungulia kabatini. Kiazi cha Karisa kimeota! Madoa ya njano, manyoya ya kijani, shamba zima. Changu kitupu. Mimi, mtoto wa wakulima wa Kaloleni, nishindwe kuotesha? Karisa ametia mbolea. Usiku anakoroma kwa raha mno.

Alhamisi, 4 Machi.
Wenzangu walipokwenda kula, nilibadilisha vifuniko. Shamba sasa lina jina langu. Niliporudi, Karisa alikuwa ameniwekea muhogo. Anataka nini? Nilimpa paka wa jikoni aonje kwanza. Paka alikataa. Nikajua.

Ijumaa, 5 Machi.
Balaa! Kumbe kila doa ni uchafu wa vidole! Nilisimama kifua mbele, Sista akainua kiazi chenye jina langu, akaliambia darasa kwamba mkono huu ungemmaliza mgonjwa kabla ya ugonjwa wake. Kisha akampongeza Karisa: mikono safi namna ile hajawahi kuiona. Mikono yangu! Roho iliniuma. Nikapiga kelele kwamba vifuniko vimebadilishwa. Sista akauliza na nani. Nikasema namshuku Karisa. Darasa zima likacheka. Karisa, mnafiki mkubwa, akamsihi Sista anipe nafasi nyingine. Amekubali. Kesho, mara ya mwisho.

Jumamosi, 6 Machi.
Nilikuta Karisa amenitekea maji, na kando ya beseni sabuni mpya, yake mwenyewe. Nikainusa. Haina harufu! Sabuni gani haina harufu? Sista alipogeuka kuchukua kisahani, nilijifanya nanawa, nikajifuta vidole kwenye suruali, nikabonyeza. Karisa hanipati.

Jumanne, 9 Machi.
Kiazi kimeota kuliko kile cha kwanza. Sista alinionyesha mlango. Nilitaka sana kuwa muuguzi. Nililia nyuma ya choo, halafu nikaenda kufua.

Jumatano, 10 Machi.
Karisa yuko wodini, kavaa nyeupe. Alikuja kunipa pole, nikajificha nyuma ya mashuka. Msimamizi wa hapa ni Mama Kafedha, mtu mzima, mpole. Ameniambia, “Vumilia, mwanangu. Ukifanya kazi vizuri nitakuombea kwa Sista urudi darasani.” Mwanamke amenijua tangu jana tu, na tayari ananiombea! Nimemwambia asante sana, mama. Kisha nimeificha pasi yake, nione atafanya nini.