Pazia la Mama Mkwe Labeba Boga

Jumatatu, 3 Juni
Siku kubwa! Meneja katukusanya kabla ya kufungua duka. Mto ulio nyuma ya ghala umejaa mifuko ya plastiki hadi kalvati limeziba. Mvua iliyopita maji yaliingia na kuozesha magunia ya unga. Sasa kila mteja aje na mfuko wake, wa kutumia tena na tena. Keshia atakayepata wateja wengi wenye mifuko kufikia Ijumaa atahamia dawati la maulizo. Dawati lenye kiti! Kiti cha kuzunguka! Miaka minane nimesimama kaunta namba moja kama mlingoti. Miguu ilisikia habari kabla ya masikio.

Jumanne, 4 Juni
Mwenzangu wa kaunta namba mbili, Bi Taratibu (jina nimempa mimi), anawakumbusha wateja kwa upole, mmoja mmoja. Mwendo wa kobe. Leo kapata kumi na mmoja. Mimi mmoja, naye aliingia kuulizia njia ya posta.
Nikawaza. Wateja hawana mifuko? Nitawapa! Kabatini mwa mama mkwe, anayeishi nasi, nimekuta kitambaa kizito cha maua mekundu, kimekunjwa, hakina kazi. Mke wangu ni fundi cherehani, na hakuwepo. Nikaketi kwenye cherehani yake. Mifuko ishirini na miwili! Mmoja nimeushona pande zote nne, ukawa mto. Wa kulalia, si wa maji.

Jumatano, 5 Juni
Ushindi! Nawapa mifuko mlangoni, wanapita kwangu wakiwa nayo. Ishirini na mmoja kabla ya saa tano! Bi Taratibu anaendelea kukumbusha, mmoja mmoja.
Saa tano na robo mama mkwe akaja kununua sukari. Mlangoni akapishana na fundi bomba aliyebeba boga ndani ya maua mekundu. Nikapiga magoti nyuma ya magunia ya mchele. Haikusaidia.
“Mkwe wangu,” akaniita, kwa ile sauti ya chini iliyo mbaya kuliko kelele, “mbona pazia langu limebeba boga?”
Pazia la sebule! La nyumba aliyoijenga miaka kumi na mmoja, anayohamia Jumapili! Nikamwambia boga hilo lina bahati. Heri ningenyamaza.

Alhamisi, 6 Juni
Mama mkwe kanipa hadi kesho nirudishe kila kipande. Lakini nani atatoa mfuko bure? Nikachukua bunda la mifuko ya plastiki ghalani, nikapita nyumba kwa nyumba: nipe wa maua, chukua huu. Kazi ikaenda kama maji! Mlango wa kumi na tisa akafungua Meneja. Kumbe mmoja wa wateja wangu ni dada yake. Meneja akautazama ule mfuko wa plastiki mkononi mwangu, akanitazama mimi, akautazama tena. Nikasema nafanya utafiti. Akafunga mlango polepole.
Umebaki mmoja tu. Fundi bomba anasema aliufua, akauanika, upepo ukauchukua mtoni.

Ijumaa, 7 Juni
Alfajiri nimeingia mtoni, maji kifuani. Maua mekundu yale pale, yamenasa kwenye kalvati! Nikavuta: plastiki. Nikavuta tena: plastiki, kandambili, plastiki. Nikawa natupia ukingoni. Bi Taratibu alikuja kazini akaniona. Hakucheka. Alivua viatu akaingia. Akafuata fundi bomba na reki yake, kisha wateja, kisha Meneja, suruali imekunjwa hadi magotini. Saa nne kalvati likakoroma kama mzee anayesafisha koo, na maji yakapita! Vifijo! Watu wakanibeba juu! Meneja akasema yaliyopita si ndwele.
Ningeishia hapo. Badala yake nikapanda jiwe nikahutubia: haya yote niliyapanga tangu Jumatatu, kwa mapenzi ya mto. Mama mkwe alikuwa ukingoni. Akauliza, wote wakisikia, kama kile kipande cha mwisho cha pazia lake kimepatikana. Nilikuwa nimekishika mkononi. Hata Meneja alicheka hadi akakaa majini.
Kiti kachukua Bi Taratibu. Wateja sitini na wanne.
Jioni mvua kubwa. Ghala kavu kabisa!

Jumapili, 9 Juni
Mama mkwe kahamia. Mke wangu kaunga vipande vyote, nami nikapanda ngazi kulitundika pazia. Mama mkwe kalitazama, kasema linafanana na ramani. Nadhani alitabasamu. Nikaapa mbele yake: sitagusa tena kitu chake maishani. Na sitagusa!
Meneja katangaza kwamba sasa ni zamu ya chupa za plastiki. Wateja walete za kioo. Zawadi: feni ya kaunta! Sasa, shemeji yangu anafuga nyuki. Ana chupa za kioo arobaini stoo. Zina asali, sawa, lakini asali humiminika. Amesafiri hadi Alhamisi. Na ndoo ninayo!