Yah: Mkono wa Gramafoni Kukataa Kushuka Jumapili Asubuhi

Kasulu,
11 Julai 2013.

Kwa Shemeji Melkiadi,
Fundi Redio na Saa,
Sokoni, Kibondo.

Shemeji mpendwa,

Mwakeye. Kiha changu kinaishia hapo, miaka kumi na mmoja tangu nitoke Upare kuja kufundisha huku, kwa hiyo yaliyobaki nayaandika kwa Kiswahili cha ofisini ili usije ukasema hukuelewa. Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Utakumbuka kwamba mwezi wa nne ulikuja kutengeneza gramafoni ya marehemu Baba mkwe, ile ambayo dada yako Evaline alikuja nayo kwangu siku ya harusi badala ya masufuria. Ukisukuma kale kashikio ka pembeni, mkono wenye sindano unatakiwa uteremke wenyewe polepole, kwa kuwa kinguzo kinachoubeba kinazama ndani ya kikopo chenye mafuta mazito. Mafuta ya Baba yalikuwa yamekauka, mkono unaanguka pu, santuri inashikwa na kwikwi. Nilikuwa nimejaribu mafuta ya cherehani kutoka dukani kwa Gharibu. Ukanicheka mbele ya mke wangu, ukasema ni mepesi kama chai ya Wapare. Kisha ukaagiza mawese kutoka jikoni kwangu, ukayachuja kwa leso, ukatia matone matatu, ukatangaza kwamba haya sasa yana mwili.

Shemeji, yana mwili. Sibishi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mawese huganda. Wewe ni mtu wa huku, umeyala tangu hujaota meno, na unajua yanavyokuwa asubuhi za mwezi wa saba: unayachota kwa kijiko kama uji uliolala. Saa moja nasukuma kashikio, mkono unabaki hewani kama mwanafunzi aliyenyoosha kidole halafu akasahau jibu. Santuri inazunguka bure. Unashuka saa nne, jua likishafika dirishani.

2. Basi la Kibondo linaondoka saa mbili, na sharti la nyumba yenu unalijua kuliko mimi. Baba hakuwahi kutoka nyumbani Jumapili kabla ya kusikiliza upande mmoja wa santuri hadi mwisho, na Evaline ameapa kutolivunja. Tangu uuguzi wake uhamishiwe Kibondo, anakuja kwangu Ijumaa na kurudi kwako Jumapili. Kuushusha mkono kwa kidole haruhusu. Baba alimchapa kwa kosa hilo utotoni na bado anausikia ule mchapo. Matokeo yake amekosa basi Jumapili tatu mfululizo, anaondoka Jumatatu alfajiri, siku isiyo na sharti, akawahi zamu ya mchana. Lawama zote ni zangu.

3. Usidhani nimekaa tu. Nilikalegeza kaskrubu ka kimo, nikidhani mkono umekaa juu mno. Nikapitiliza, ukawa haunyanyuki kabisa, unaburura sindano. Nikakakaza, ukawa unateremka na kuishia juu ya santuri, ukiacha nafasi ya karatasi moja. Nafasi hiyo niliipima kwa karatasi ya mtihani wa darasa la sita, tena ya hesabu. Sasa nimekarudisha pale ulipokaacha wewe. Siandiki haya kukusifu.

4. Gharibu alinishauri nikipashe moto kikopo kwa pasi ya mkaa. Evaline alipoiona pasi mkononi mwangu, aliniuliza kama nataka na yeye arudi kwao mazima. Nikairudisha pasi.

5. Baada ya uchunguzi, nimebaini kwamba kosa si langu, na kwa ukarimu nasema si lako peke yako. Kosa ni la Kasulu. Mawese yanatoka bondeni kule ziwani, kwenye joto, na mji huu umejengwa juu mno bila kuyashirikisha. Kwa hiyo naomba, kwanza, uje na mafuta mazito yanayostahili. Kama hayapatikani, umwendee mwenye basi, kwa kuwa mnafahamiana, aondoe gari saa tano kila Jumapili kwa heshima ya marehemu. Akikataa, wilaya ishushwe, hata mita mia tano tu zingetosha. Na ikionekana kushusha wilaya kuna mlolongo, basi ni rahisi zaidi Evaline arudishiwe kazi yake hapa Kasulu. Hilo nimeshaliandikia barua mbili kwa wahusika, na nimejibiwa kwamba suala langu linafanyiwa kazi.

6. Hapa sina mzaha. Jumapili iliyopita Evaline alisema kama ni hivi, gramafoni ihamie Kibondo, kwako, kwa fundi wake. Nikacheka, lakini usingizi ulinikataa. Ikija huko, santuri itakuwa huko, na Jumapili yake itakuwa huko. Hapa kitabaki nini cha kumpandisha basi kila Ijumaa? Mwalimu na madaftari ya kusahihisha. Naogopa, shemeji. Nimeona nikuandikie wewe kwa sababu siwezi kumwambia yeye.

Nategemea utekelezaji wako wa haraka. Nisalimie Mama mkwe, mwambie maharage aliyotuma yaliiva vizuri. Wasalimie watoto, na jirani yako yule wa kushona ambaye jina lake hunitoka kila mara.

Wako katika ujenzi wa ushemeji,
Elisante.

N.B. Barua hii bado sijaituma, na leo ni Jumapili. Jua limetoka mapema ajabu, likagonga dirisha kabla ya chai. Saa moja na nusu nikasukuma kashikio, mkono ukatikisika, ukaanza kuteremka taratibu, kama enzi za Baba. Nikajua leo basi atalipata. Evaline akautazama mkono, akanitazama mimi, akaizima gramafoni, akaibeba mpaka stoo, kwenye ile kona yenye baridi.

"Jua litaikunja santuri ya Baba," akasema.

Akaiwasha tena huko. Mkono ukaganda katikati ya safari. Akavua viatu, akaenda kubandika chai, ndipo nikaona begi lake halijafungwa tangu jana.

Sasa ni saa tano. Shemeji, usije. Na hayo mafuta ukiyapata, mpe mtu mwenye haraka.