Nani Amekaanga Breki?

Jumamosi, 9 Agosti 2025. Kabati.

Gari la kikundi cha akina mama limeanza kulia. Si honi, ni breki. Mjomba Musyimi, ndugu yake Mama, ndiye dereva. Anasema lilianza kwenye mteremko wa Mbooni, likiwa limejaa machungwa. Lilipiga mayowe mpaka watu wakatoka majumbani wakidhani kuna mbuzi anachinjwa. Amefika hapa shati limelowa jasho. Na Mbooni ni baridi!

Fundi ametoa gurudumu. Diski ya breki imeliwa na kutu. Ina vishimo vishimo kama ganda la chungwa. Fundi amesema diski za namna hii yeye huziona kwenye magari yaliyozeeka kuliko mimi. Letu halijatimiza mwaka. Novemba tu mchungaji aliliombea, mkono juu ya boneti, na sisi tukasema amina.

Mama hakutishika. Yeye ni mwenyekiti wa kikundi, hatishiki ovyo. Gari lina waranti ya miaka mitatu, akasema, kampuni itabadilisha diski na hakuna maneno. Barua ataandika Kathini, yaani mimi. Kathini ana Kizungu. Alisema hivyo mbele ya watu! Nikaangalia viatu vyangu hadi wakaondoka.

Nimeliosha gari kama kila Jumamosi. Ndiyo kazi yangu. Hapa nitasema siri, kwa kuwa daftari hili halisomwi. Mama aliniagiza nitumie maji ya kioski. Lakini pale kioski kuna Mbithi wa Form Four na wenzake, wamekalia mitungi kama majaji. Mwaka jana nilienda. Mwenye kioski akaniuliza nataka mitungi mingapi. Nikajibu, "Asante." Wanacheka mpaka leo. Tangu hapo nachota kwenye kisima cha pampu, nyuma ya kanisa, pale pale gari linapoegeshwa. Hakuna foleni. Hakuna wavulana. Kuna punda tu, na punda haulizi kitu.

Gari linang'aa.

Jumatatu, 11 Agosti.

Nimemaliza barua. Kurasa tatu! Kwa mdomo siwezi kuomba nipitishiwe chumvi mezani, lakini nipe kalamu uone. Nimetumia "notwithstanding" mara mbili.

Ili kampuni ione tunavyolitunza gari, nimeweka aya nzima ya usafi. Kwamba huoshwa kila Jumamosi bila kukosa, juu na chini, hadi ndani ya magurudumu, kwa maji mengi ya kisima chetu wenyewe. Kwamba baada ya hapo hupumzishwa hadi Jumatatu, kwa heshima ya siku ya Bwana. Hiyo ndiyo aya tamu kuliko zote.

Binamu yangu Nzilani ameisoma. Tuko rika moja, lakini yeye huongea na kila mtu, hata na polisi wa barabarani. Amesema aya ya usafi nitoe, hakuna aliyeuliza habari za kuoga. Wivu. Sikuitoa.

Mama ameipiga picha na kuituma kwa WhatsApp. Aliwasomea akina mama mstari mmoja wa Kizungu, polepole. Wote wakasema, "Eee!" Nilikuwa nyuma ya mlango. Nilifurahi sana, sina budi kukiri.

Jumatano, 13 Agosti.

Kampuni imepiga simu. Ijumaa inamtuma mtu wa kukagua.

Kavata, katibu wa kikundi, ameanza maneno. Anasema diski hazili kutu zenyewe, ni dereva. Ati Musyimi hupitisha gari kwenye mto kutafuta njia ya mkato. Mjomba alicheka, akamwuliza ni mto gani huo wenye maji mwezi wa nane, amwonyeshe akaoge. Wote wakacheka isipokuwa Kavata. Mwanawe ana leseni ya udereva na hana gari. Kila mtu anajua hivyo. Kavata akasema kampuni ikikataa, itabidi kikundi kitafute dereva mwingine. Hapo Mjomba hakucheka tena. Ana watoto wanne na hana kazi nyingine.

Jioni nikampikia Susu, nyanya yangu, chai. Tangi la maji ya mvua lilikuwa mbali, hatua ishirini, na ndoo ya maji ya kisima ilikuwa hapa karibu. Alionja. Akatema! Alinyoosha kidole akauliza kama nimemchukulia kuwa ng'ombe wa kulambishwa chumvi.

Chumvi.

Nilisimama na birika mkononi. Nikaenda kutafuta daftari langu la Chemistry la Form One. Lipo. Misumari mitatu katika maji ya aina tatu. Msumari wa maji ya chumvi umeoza kuliko yote. Nimeuchora mimi mwenyewe, nikaupaka rangi ya kahawia, mwalimu akaandika "Excellent."

Miezi tisa! Kila Jumamosi, hadi ndani ya magurudumu.

Nilienda hadi mlango wa chumba cha Mama kumwambia. Mlango ulikuwa wazi. Akaniuliza kuna nini. Nikamwambia usiku mwema. Ilikuwa saa kumi na mbili, jua bado lipo.

Alhamisi, 14 Agosti.

Nina mpango. Hauhitaji kuongea.

Kila kiangazi Susu husugua jembe na panga kwa msasa, halafu huzipaka mafuta ya kupikia, anazifunga kwa gunia. Mvua ya Novemba ikija, hakuna hata tone la kutu. Jembe lake moja alilitumia kabla Mama hajazaliwa. Basi, chuma ni chuma.

Leo gari halikutoka, linamsubiri mkaguzi. Nilienda kanisani ati kufagia. Nikafunga kitambaa kwenye kijiti, nikakipenyeza kwenye matundu ya magurudumu. Kwanza msasa. Halafu mafuta yaliyobaki ya chapati za Jumapili. Mbele, nyuma, kulia, kushoto. Punda aliniangalia muda wote.

Diski zimeng'aa kama sahani za wageni! Kesho mkaguzi ataona diski safi, atasema ni mlio tu, atabadilisha kitu kidogo, na hakuna atakayeuliza habari za maji. Mjomba atabaki na usukani. Sijui kwa nini watu husema mimi si mtu wa vitendo.

Ijumaa, 15 Agosti.

Heri ningekuwa bubu kabisa na mikono pia ningekuwa sina.

Mkaguzi anaitwa Bwana Gachanja. Shati jeupe, viatu vya kung'aa, mtu mpole. Akina mama walikuwa wamempangia meza uwanjani pa kanisa, chai, maandazi, viti vya plastiki. Akamwomba Mjomba alisogeze gari kidogo alitoe kwenye kivuli. Mjomba akawasha, akalileta pole pole, akakanyaga breki.

Gari halikusimama.

Halikukimbia pia. Lilikuja tu, taratibu, kama bibi harusi. Nilimwona Mjomba ndani amesimamia breki kwa miguu yote miwili. Kavata akapaza sauti, "Musyimi, acha mzaha!" Likaingia kwenye meza. Likaiangusha. Likakanyaga maandazi, likasimama lenyewe kwenye rundo la viti. Hakuna aliyeumia, asante Yesu. Birika tu.

Bwana Gachanja akachuchumaa. Akaingiza kidole kwenye gurudumu. Akakitazama. Akakinusa. Kisha akauliza, kwa upole ule ule, "Nani amekaanga breki?"

Wote walimgeukia Mjomba. Mjomba akainama akanusa pia. Halafu akanitazama mimi. Nilikuwa nimeficha mikono ndani ya sweta. Sweta lenyewe lilinuka chapati.

Kisha Bwana Gachanja akatoa nakala ya barua yangu. Akaisoma kwa Kiswahili ile aya tamu, maji mengi ya kisima chetu wenyewe. Akaenda kwenye pampu, akaonja, akakunja uso. Mama akanigeukia. Lile jicho. Kabla sijafungua mdomo (sikuwa na nia ya kuufungua) Mjomba akasema ni yeye aliyeniambia nichote hapo, kioski ni mbali. Uongo mtupu! Alisema bila kupepesa.

Mama hakukubali kushindwa. Alimwambia Bwana Gachanja kwamba gari wamewauzia watu wa Kitui, na maji ya Kitui wanayajua. "Kitabu chenu nimekifungua. Kuna ukurasa wa redio. Kuna ukurasa wa kiti cha mtoto. Nionyeshe ukurasa wa chumvi!" Akina mama wakapiga makofi. Hata punda aliinua kichwa.

Bwana Gachanja akavuta pumzi. Akasema Mama ana haki. Akasema ataongea ukweli: mwezi huu peke yake ameona magari manne mapya kama hili, diski zimeliwa vivyo hivyo, na mawili kati yake hayajawahi kuonja chumvi. Alikuja na fomu ya kukubali kubadilisha diski. Akaitoa mfukoni tukaiona! Kwa habari ya maji angebishana na wakubwa wake, na angeshinda. Lakini mtu akishapaka kitu kwenye breki, waranti imekufa, na yeye hawezi tena kuapa ni nini kiliharibu nini.

Akairudisha fomu mfukoni.

Kama nisingefanya kitu chochote. Kama ningekaa tu nyumbani nikasoma.

Jumapili, 17 Agosti.

Mkutano baada ya ibada. Kavata alitaka kujua jambo moja tu: mafuta yaliwekwa na nani?

Nilisimama. Ndiyo! Mimi! Miguu ilisimama yenyewe. Nzilani akasema kwa sauti, "Nyamazeni, Kathini anataka kusema." Watu wote wakageuka. Hata mchungaji alivua miwani. Mama alinitazama kana kwamba ninaanza kutembea leo.

Nikafungua mdomo. Nikaomba ruhusa kwenda choo.

Nilikaa huko nikihesabu mabati. Nilijipangia sentensi, fupi, maneno manne: Ni mimi niliyepaka mafuta. Nikairudia hadi ikanyooka. Niliporudi, Mjomba alikuwa amesimama mbele. Alikuwa amekwisha kusema ni yeye, alidhani itazuia kutu, wamsamehe. Akaweka ufunguo mezani. Kavata akauchukua kabla haujatulia.

Mtu wa miaka ishirini kwenye usukani, na tangu aanze hajawahi kumgonga hata kuku. Sasa ataitwa Musyimi wa Mafuta mpaka afe.

Maneno yangu manne nimerudi nayo nyumbani.

Jumanne, 19 Agosti.

Mjomba amekuja. Ameazima pikipiki ya rafiki yake, anabeba abiria wa bodaboda. Amemletea Susu ndizi.

Susu alipoingia jikoni, Mjomba akaniambia bila kunitazama kwamba siku ile mikono yangu ilinukia chapati. Akasema pale kwenye mkutano alinisubiri kidogo. "Choo chenyewe ni hatua kumi, Kathini. Nilihesabu mpaka mia mbili."

Akasema hataki niwaambie akina mama. Hiyo imepita, na Kavata hawezi kurudisha ufunguo hata malaika ashuke. Anataka nimwambie yeye tu. Sentensi moja. Basi.

Hapakuwa na mtu mwingine. Mimi na yeye na ndizi.

Nikamwuliza kama atakunywa chai.

Akacheka kidogo, kicheko ambacho sikukipenda, akasema ndiyo, lakini iwe ya maji ya tangi.

Jumamosi, 23 Agosti.

Shule inafunguliwa Jumatatu. Akina mama wamenunua diski mpya wenyewe. Mwana wa Kavata tayari ameparuza mlango kwenye lango la kanisa. Hakuna aliyepiga kelele.

Nimeamua: siendi shule kabla sijatubu kwa Mjomba. Nimeandika barua ya Kizungu, kurasa mbili. Nikaichana, inasikika kama ya kampuni. Nikaandika ya Kiswahili. Nikaichana, inasikika kama mimi.

Halafu nikapata wazo zuri kuliko yote. Vitendo! Mjomba amelala kwetu baada ya chakula cha mchana, na pikipiki ameiacha nje, imejaa udongo mwekundu wa Mbooni. Akiamka ataikuta inang'aa. Ataelewa. Hatutahitaji kusema kitu.

Maji ya tangi yamebaki chini kabisa, ya Susu ya kunywa. Nilichukua mitungi hadi karibu na kioski, kwa moyo safi kabisa. Mbithi alikuwa pale, na wenzake wanne.

Nikapitia nyuma ya kanisa. Mara moja tu haiwezi kudhuru chuma. Gari lilioshwa miezi tisa, ni jambo tofauti kabisa. Hata hivyo sikutaka kubahatisha, kwa hiyo nilipomaliza nilipaka mafuta kila chuma kilichoonekana, hadi ndani ya magurudumu. Nimekwisha kufahamu kosa langu la kwanza lilikuwa wapi: yale yalikuwa mafuta yaliyokwisha kukaangiwa. Haya ni mapya.

Sasa namsikia Mjomba anavaa viatu, anamuaga Mama, anasema anaenda Migwani.

Na Susu anauliza jikoni mafuta ya chapati za kesho yamekwenda wapi.