Malalamiko juu ya Katibu Wenu wa Chakula Aliyekuja Likizo Mamboya

Mamboya,
Wilaya ya Kilosa,
11 Juni 1974

Kwa Mwenyekiti,
Chama cha Wanafunzi,
Chuo Kikuu.

Ndugu Mwenyekiti,

Tungeonana ana kwa ana ungeniamkia shikamoo. Kwa kuwa hii ni barua, nachukulia kwamba umekwisha kuniamkia: marahaba. Jina langu ni Lukasi, balozi wa nyumba kumi na mzee wa kanisa, baba mzazi wa Magreti, ambaye ninyi mlimchagua kuwa Katibu wa Chakula na Mabweni. Amekuja likizo na ameleta mabadiliko. Nayalalamikia kama ifuatavyo.

1. Mlinidanganya kuhusu maana ya cheo. Habari za kuchaguliwa kwake zilipofika nilichinja jogoo, nikaomba zitangazwe kanisani. Nilijua mwenye cheo ana meza, kiti, na watu wa kumngoja nje. Binti alipoteremka kwenye basi nikamwuliza anaamuru watu wangapi. Akasema haamuru mtu. Akanieleza kwamba wasichana wanaosoma maabara hadi jioni walikuwa wakikuta bwalo limefungwa, wakalala na njaa. Yeye akapita chumba kwa chumba na daftari, akaandika majina. Kisha akaingia jikoni kuwauliza wapishi, akakuta nao wanafunga mapema kwa sababu gari la kuwarudisha makwao halingojei. Akapeleka shida zote mbili kwa mkuu wa mabweni. Mkuu akakataa mara tatu. Mara ya nne walikwenda pamoja, wanafunzi na wapishi, na saa ya gari ikabadilishwa, na ya bwalo pia. Majirani waliokuwa wakisikiliza walipiga makofi. Mimi nilichosikia ni kwamba mkubwa alikataa mara tatu na bado akarudiwa. Mnafundishana nini huko?

2. Daftari lile alikuja nalo. Wakati huo kamati yetu ya kijiji, wanaume tisa, ilikuwa imekwisha kuchagua mahali pa kujenga kijiji kipya cha ujamaa: tambarare kando ya barabara, ili wakubwa wakipita na Landrova waone nyumba zimenyooka. Kiwanja namba moja, karibu na mlingoti wa bendera, kilikuwa changu. Kasoro ndogo ni kwamba chemchemi iko mbali, lakini maji hayaonekani kutoka barabarani, kwa hiyo hatukuyajadili. Magreti hakubishana nami. Ningependa angebishana, maana kubishana nakuweza. Alijitwika debe, akaenda na akina mama kutoka tambarare hadi chemchemi na kurudi, akitazama saa yake ya mkononi. Safari ilichukua saa mbili na robo. Akaandika.

3. Nilitegemea atasimama mkutanoni, aseme maneno ya kisomi, tumsikilize kwa heshima, halafu tuendelee na yetu. Hakusimama. Aliwaambia akina mama wachague msemaji wao, kwa punje za mahindi, kila mgombea na kibuyu chake. Walikuwa hamsini na sita. Arobaini na mmoja walimchagua Generoza. Generoza ni mke wangu. Hakuniambia kwamba anagombea. Asubuhi ile alinipa uji kama kawaida.

Basi mkutanoni, mbele ya Katibu Kata, akasimama. Kwa miaka ishirini na sita ameniita Baba Magreti. Siku hiyo alisema, "Ndugu Balozi, tunaomba wajumbe wote tisa wachote maji siku moja tu, wayafikishe tambarare, kisha wapige kura upya." Akaketi. Naungama kwamba kwa dakika moja nilisahau niko upande gani, nikatamani asiketi. Mwenyekiti wa kamati, Mzee Damiano, akasema kuchota maji si kazi ya wanaume. Katibu Kata akamwuliza kama wanaume wa Mamboya hawanywi.

4. Tulichota. Sitaki kueleza mengi. Mzee Damiano aliweka debe begani, akapumzika mara nne, akafika na nusu. Filipo, karani wetu, aliteleza akamwaga yote, ikabidi arudi. Mimi nilianguka kwenye kijito, na kofia yangu ya kikao ikaenda na maji. Akina mama walitufuata nyuma. Hakuna aliyecheka, Ndugu Mwenyekiti. Kicheko nilikuwa nimejiandaa nacho. Mmoja wao aliniinua, akanionyesha namna ya kukunja kata ya majani na kuiweka kichwani ili debe litulie, kisha akaendelea na safari yake.

Kura zilipopigwa upya, saba walitaka kijiji kijengwe karibu na chemchemi na wawili barabarani. Wa pili alikuwa Damiano. Kamati ikaongezwa wanawake watatu. Kiwanja changu sasa ni namba thelathini na moja, nyuma ya vyoo vya shule.

5. Siku Magreti anaondoka nilimsindikiza hadi barabarani, nikamwuliza kwa nini hakunishinda mwenyewe, akamtuma mama yake. Alijibu kwa upole, macho chini. "Sikumtuma, Baba. Walimchagua. Ningesema mimi, mngesema ni kiburi cha msomi, na leo ninaondoka. Mama anabaki." Nilimwambia awahi basi, ingawa basi lilikuwa halijaonekana.

Kwa hayo yote naomba chama chenu kitimize yafuatayo. Kwanza, maofisa wenu wakienda likizo waache madaftari chuoni. Pili, katiba yenu iseme wazi kwamba mkubwa akikataa mara moja, amekataa. Tatu, mchague watu wanaotaka cheo kwa sababu zinazoeleweka, kama vile kiti. Nne, kwa kuwa mabadiliko yenu yalianzia kwenye bwalo la chakula na sasa yamefika nyumbani kwangu, uchaguzi wenu usimamishwe kabisa hadi itakapojulikana yataishia wapi. Mkishindwa, nitaandika kwa wakubwa zaidi, na wakikataa nitaandika tena, na tena, hadi waelewe.

Nisalimie wapishi, hasa yule wa maharage ambaye Magreti humtaja kila mara, na dereva wa gari lao, na wasichana wa maabara. Waambie wale washibe. Hapa kwetu wote wazima, na nyumba zinapanda.

Ni mimi, niliyelowa lakini sijanyamaza,

Lukasi,
Balozi wa Nyumba Kumi.

N.B. Nasikia uchaguzi wenu ni mwezi ujao, na kwamba yuko kijana mmoja anayeshindana na Magreti, mwenye sauti nzuri na suti. Huyo msimpe. Kama wazazi wanaruhusiwa kupiga kura kwa posta, hii ni yangu, ya Magreti. Nilitaka kuambatisha na ya mama yake, lakini amesema ataandika yake mwenyewe.