Pingamizi Dhidi ya Maharage Yaliyopanda Uzio

Kwa Mwenyekiti,
Bustani za Wakazi Malwa,
Grudziądz

Mheshimiwa Mwenyekiti Wardęga,

YAH: KUKATAA KUONDOLEWA KWA UZIO KATI YA KIWANJA CHA MAMA YANGU NA KIWANJA CHA BWANA LUCJAN GWIZDAŁA

Natumaini u mzima, na kwamba kibanda chako, ambacho mwaka huu kimeota ghorofa ingawa kanuni zetu zinaruhusu chumba kimoja tu, kinakupa kivuli cha kutosha. Silalamikii kibanda. Mimi si mtu wa kulalamika, kama kamati yako inavyoweza kushuhudia kutokana na barua zangu zilizotangulia.

Naitwa Sylwester Paluch, umri miaka arobaini na sita, karani wa idara ya maji, mtoto wa pekee wa Bi Otylia Paluch, mjane, mwenye kiwanja karibu na pampu. Nimesikia kwamba mama yangu na jirani yake, Bwana Lucjan, dereva wa tramu mstaafu, wamekuletea ombi la kung'oa uzio unaowatenganisha ili walime pamoja. Naomba likataliwe. Sababu zangu nimezipanga kwa namba ili kamati isichoke.

1. Kuhusu uchaguzi wa mbegu.

Tangu baba afariki, kila Februari mimi na mama huketi jikoni kuchagua aina ya maharage ya njano, haya yanayochumwa mabichi na kupikwa pamoja na maganda yake. Kazi tumegawana kwa haki. Mimi nachagua, yeye anapanda, anapalilia, anachuma, anatoa nyuzi, anapika na kusindika kwenye chupa za majira ya baridi. Kila mwaka nachagua Kujawianka, maharage mafupi ya kichaka, ganda la mviringo, uzi mnene ubavuni. Baba aliyala hayo hayo. Watu husema siku hizi kuna aina bora zaidi. Watu husema mengi.

Mwaka huu nilimshauri mama apande mwanzoni mwa Mei, ili niyale kabla ya likizo yangu. Akaniambia, "Sylwek, udongo bado baridi. Ngoja ipite siku ya Zofia Mtakatifu, katikati ya Mei, baridi ya mwisho iishe, ndipo nipande." Nikamkumbusha kwamba mimi nafanya kazi idara ya maji. Akapanda. Mvua ikanyesha wiki nzima, baridi ikarudi, na mbegu zote zikaozea ardhini. Hilo ni kosa la hali ya hewa, nalitaja kwa ukamilifu tu.

Bwana Lucjan alimwona mama akizifukua mbegu zilizooza kwa kidole. Jirani mwenye adabu angegeuza uso. Yeye alipitisha kopo juu ya uzio akasema, na haya nimeyapata kwa mama mwenyewe, "Bi Otylia, waache marehemu wapumzike. Chukua mbegu zangu. Hizi hazina uzi, na zinapanda juu." Mama, bila kunipigia simu, akachukua.

2. Kuhusu kimo.

Aina hiyo inaitwa Hetmanka. Ganda lake ni bapa, pana, rangi ya siagi, na mmea wenyewe unatambaa juu ya fito mpaka unampita mtu kichwani. Mheshimiwa, maharage ya kichaka yana maadili. Miaka yote hiyo mama alichuma akiwa ameinama, na mtu aliyeinama huona udongo, konokono na viatu vyake mwenyewe. Bwana Lucjan mama alimjua kwa miguu tu. Tangu Julai mama anachuma amesimama wima. Anasema mgongo umeacha kumuuma. Sibishi, huenda ni kweli. Lakini mtu aliyesimama wima huona nyuso.

Fito zenyewe zimeegemezwa kwenye uzio, kwa hiyo maganda yananing'inia pande zote mbili. Mama anachuma huku, Bwana Lucjan kule, na katikati kuna majani mengi kuliko inavyofaa. Nilikuwepo Jumamosi moja, nilikuja kuchukua kapu langu. Nikasikia mama anacheka kicheko ambacho sijakisikia tangu nilipokuwa shule ya msingi. Nikauliza kuna nini.

"Hakuna kitu," akasema. "Lucjan kachuma kidole changu badala ya ganda."

"Mwanga mbaya huku," akasema Bwana Lucjan. Ilikuwa saa sita mchana, jua la utosi.

Huyu ni mtu aliyeendesha tramu ya umma. Naacha kamati ipime.

3. Kuhusu meza.

Jumapili iliyofuata nilifika kwa mama kama kawaida nikamkuta Bwana Lucjan amekaa kwenye kiti changu, kile cha karibu na jiko, amevaa aproni, anakaanga chenga za mkate kwenye siagi. Kwenye aproni ya mama, Mheshimiwa, yenye maua. Maharage yakaletwa yamemwagiwa chenga hizo, nami nikatafuna kwa muda mrefu nikitafuta kitu ambacho hakikuwepo.

"Mama," nikasema, "haya maharage hayana uzi."

"Hayana, mwanangu. Ndiyo maana leo tunakula saa saba badala ya saa tisa."

Nikamwuliza, mbele ya mgeni ili aibu imsaidie kujibu vizuri, kama mwakani tutarudi kwenye Kujawianka. Akaweka uma chini.

"Siyapendi," akasema. "Sijawahi kuyapenda. Yalikuwa ya baba yako, kisha yakawa yako. Na kidole gumba changu kina kovu la nyuzi zenu."

Bwana Lucjan akatazama sahani yake. Nami nikatazama yangu. Kauli hiyo nimeichukulia kuwa ni athari ya jua, na ninaomba kamati nayo iichukulie hivyo.

4. Kuhusu akiba ya taifa.

Zamani chupa zote za majira ya baridi zilikuja kwangu. Sasa nyingine zimekwenda Gdynia kwa binti yake Bwana Lucjan, mwanamke mzima mwenye mume, jiko na mikono miwili. Mimi ninavyo hivyo vitu isipokuwa mume na mke, na jiko silitumii. Leo ni chupa za maharage. Kesho itakuwa kabichi, keshokutwa jemu ya plamu, na nchi ambayo wana wake hawana jemu haina wa kuitetea.

5. Kuhusu utaratibu wa jamii.

Mjane akishajichagulia maharage, atajichagulia mapazia. Akishajichagulia mapazia, atajichagulia mume, na nina habari za uhakika kutoka kwa mke wa mweka hazina kwamba mapazia yameshanunuliwa. Wajane wa Grudziądz ni wengi na viwanja vimepakana. Ukiung'oa uzio mmoja, Mheshimiwa, utaulizwa kuhusu wote, na wana wa mji huu tutakula wapi Jumapili?

Kwa hiyo naomba: uzio ubaki, maharage yote yanayopanda yahesabiwe kuwa majengo, na yapimwe kwa ukali ambao kibanda chako kilisamehewa, na Bwana Lucjan ahamishiwe kiwanja cha kule kando ya reli, ambako kwa kazi aliyoifanya atajisikia nyumbani.

Nakushukuru kwa muda wako. Nisalimie mkeo na begonia zake, katibu, mweka hazina na mkewe ambaye namshukuru kwa habari, fundi wa pampu, na wote wanaoinama kwa uaminifu katika bustani zetu.

Wako katika maharage ya kichaka,

Sylwester Paluch

Nyongeza: Kabla ya kuibandika bahasha nilimpigia mama nikamsomea barua hii, ili asije akasema nimemzunguka. Alisikiliza yote bila kunikatiza. Kisha akasema, "Umeandika vizuri, Sylwek. Uzio ukibaki, kiwanja nitakirudisha kwa kamati. Bila bustani nyumba hii ni kubwa mno kwangu. Nitaipangisha, nihamie kwako. Kile chumba chenye televisheni kinanitosha. Na asubuhi nitakuwa nakuamsha mapema, tufanye usafi."

Mheshimiwa, tafadhali usisome sababu ya kwanza hadi ya tano. Hetmanka ni aina bora kabisa kwa bustani ya nyumbani, na Bwana Lucjan ni mtu wa heshima. Naomba kibali kitoke leo hii. Jumamosi nitakuja na koleo la kukatia waya, langu mwenyewe, na nguzo nitazing'oa mimi.