Moto Nilioacha Peke Yake Nikaenda Kuoga

Jameni, leo aibu imenikuta nikiwa na sabuni machoni. Nawaeleza mimi mwenyewe kabla hamjaletewa ikiwa imeongezwa chumvi.

Mnajua mimi ndiye katibu wa nyumba kumi hapa kwetu Sindo, kando ya ziwa. Ile karatasi ya manila iliyobandikwa kwa chifu, yenye masharti ya kuchoma takataka, ni mwandiko wangu. Waambie majirani kabla ya kuwasha. Weka maji karibu. Usichome upepo ukitoka ziwani. La nne nililipigia mstari mara mbili: usiache moto peke yake. (Kwa kalamu nyekundu. Niliona watu hapa ni wagumu wa kuelewa.)

Tena mwezi jana nilimshtaki jirani yangu, Min Atieno, yaani mama yake Atieno, kwa kuchoma pampas za mtoto moshi ukaingia jikoni kwangu. Chifu alimsomea masharti mbele ya watu, mimi nimesimama kando nimekunja mikono. Tangu siku hiyo hatusalimiani.

Sasa leo. Asubuhi nilifagia boma, nikarundika majani na mabua ya mahindi nyuma ya bafu, upande wa ziwa. Bafu yangu ni miti minne na magunia, mlango ni leso. Ng'ambo ya bafu Min Atieno alikuwa ameanika omena, wale dagaa wa ziwa, kwenye neti, omena ya kuuza apate karo ya kumrudisha Atieno shule Jumatatu. Upepo ulikuwa unaenda ziwani, kwa hivyo moshi haungemfikia. Kumwambia nikaona si lazima. (Katibu aombe ruhusa kwa mshtakiwa?) Nikaweka ndoo ya maji karibu, nikawasha.

Saa sita nilikuwa na mkutano wa akina mama kanisani. Moto ulionekana umetulia. Nikasema wacha nioge chap chap, dakika tano tu. Na maji si yako hapo? Nikabeba ile ndoo ya kuzimia moto, nikaingia nayo bafuni.

Mimi ni nyar Ndhiwa, msichana wa kule mashambani. Nimeolewa hapa miaka kumi na moja na bado ziwa linanifanya mgeni. Wenyeji wanajua kwamba karibu saa tano upepo unageuka, unaanza kutoka ziwani. Mimi pia nilijua. Si niliandika?

Nikiwa nimejipaka sabuni kutoka kichwani, nikasikia kitu kinalia pwa pwa. Nikadhani ni kuku. Halafu mgongo ukapata joto. Nikafungua jicho moja: gunia lina shimo, na kwenye shimo kuna moto. Ndoo ilikuwa na kikombe kimoja cha maji. Leso nayo ikashika moto. Nilipiga nduru ambayo nafikiri hata kisiwani Mfangano waliisikia.

Min Atieno alitoka mbio na karai la maji. Cheche zilikuwa zinaruka kuelekea omena yake, na mimi nilikuwa hapa. Hakufikiria hata kidogo. Maji yote akamwagia gunia lililokuwa karibu nami, akanivuta mkono, akaita wenzake. Wanawake wakaja na makarai, wengine wakarusha mchanga, moto ukazimwa. Kisha akarudi kwenye neti, akamwaga omena chini, akanifunika na neti hiyo.

Neti, yawa. Ina matundu. Na omena kadhaa zilibaki ndani, zikanishika kwa sabuni.

Ndipo chifu akafika kwa pikipiki, ameona moshi. Akauliza nani aliwasha. Min Atieno akaniangalia, na mimi nikaangalia vidole vyangu vya miguu. Nilijua ukatibu umeisha na pengine nalala ndani ya seli.

"Chifu, moto tumezima," akasema. "Hakuna mtu ameungua. Masharti aliandika yeye, wacha ajisomee."

Chifu akakunja mikono. Basi nikasoma kwa kichwa, ndani ya neti, omena kwenye sikio. La kwanza, la pili, la tatu. La nne nikalipitisha haraka.

"Hiyo rudia," Min Atieno akasema. "Ndiyo ulipigia mstari."

Nikarudia. Hata chifu alicheka mpaka akashika pikipiki. Akanionya, akaenda.

Mkutano sikuenda. Mchana kutwa tumekaa na Min Atieno tukichambua mchanga kwenye omena yake, na hakuna hata moja iliyoungua. Nilimwomba msamaha kwa ile siku ya pampas. Akasema chambua vizuri, hapo umeacha mchanga. Nimeshukuru Mungu mpaka nimelia. Atieno anaenda shule. Nyumba iko. Ngozi ninayo yote.

Bafu tu ndiyo sina. Kwa sasa naoga kwa Min Atieno, na jioni hii kabla sijaingia amenisimamisha mlangoni akauliza kama kuna kitu nimeacha kinawaka.